Taa ya Oili Ikiwaka

Huku kwetu Namasakata motokaa kuukuu si pambo. Land Rover yetu ya petroli, ya zile zilizoundwa miaka ya 1970, hubeba korosho, na usiku hubeba akina mama wenye uchungu. Basi taa yake ya oili ilipoanza kuwaka kila injini ipatapo moto, nyumba nzima ilinyamaza.

Fundi mmoja kijana alisikiliza mngurumo, akasema, “Mzee, metali zimekwisha. Tufungue injini yote, krenki ikachongwe.” Bei yake ingekula korosho zote za msimu.

“Mwanangu,” nikamwambia, “tupime kwanza.”

Oili ni kama maji ya mfereji shambani. Pampu huisukuma mpaka kwenye metali, chuma kisisage chuma. Metali zikilika, oili huvuja ovyo, kama mfereji uliobomoka kingo, na nguvu yake hupungua. Lakini hupungua pia pampu ikichoka au njia ikiziba. Na pengine swichi ya taa ndiyo mbovu, taa inasema uongo.

Tulivuta kijiti: oili ilifika alama. Tukainusa, maana petroli ikiingia huifanya nyepesi; haikunuka. Tukatoa swichi, tukafunga geji ya kuazima mahali pake. Injini hii ikiwa ya moto, kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, yapasa ionyeshe ratili 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba. Yetu ilifika 20 kwa shida. Kumbe taa ilisema kweli.

Wako watu hutia oili nzito ili taa inyamaze. Dawa hiyo siipendi: ugonjwa unabaki palepale, na asubuhi ya baridi oili nzito huchelewa kufika juu.

Tukateremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la pampu lilifunikwa tope jeusi. Ndani ya pampu mna gololi ya chuma yenye springi, ambayo huachia oili ikizidi nguvu. Uchafu ulikuwa umeizuia isifunge, oili ikarudi chini bure. Metali moja tuliyoifungua ilikuwa nyororo, haina mikwaruzo.

Tuliosha vyote kwa mafuta ya taa, tukaweka gasketi na chujio jipya, na oili lita 7 kasoro kidogo. Geji ikapanda 45. Baada ya kilometa 500 tuliimwaga oili ile tena, maana tope lililolegea huendelea kushuka.