Vyumba vya Kawangware 56

Magharibi ya mji wa Nairobi, mtu akiisha kuyapita majumba ya Lavington yaliyofichwa nyuma ya miti na nyua ndefu, mandhari hubadilika ghafula. Malango ya chuma hukoma, mabati huanza, na barabara hujaa watu. Hapo ndipo Kawangware. Kituo chake kimoja huitwa Kawangware 56 na kingine Kawangware 46. Asili ya majina hayo ni namba za magari tu, lakini watu wamezizoea hata zimekuwa majina ya mahali, na mtu akiulizwa anakaa wapi hujibu kwa namba pasipo kuongeza neno.

Mgeni ashukaye 56 jioni huona kwanza biashara: mboga zilizokwisha kukatwakatwa, samaki wa kukaanga, nguo za mitumba, na mafundi wa vitanda na viti wakipiga randa kando ya njia. Lakini mwenye nia ya kujenga asikawie barabarani. Na aingie katika kijia chochote kati ya maduka mawili, apite mlango wa mabati, naye atajikuta ndani ya kiwanja, ambacho wenyeji hukiita ploti. Mbele yake zitakuwa safu za vyumba zinazotazamana, mfereji mmoja wa maji, kamba za nguo juu ya kichwa, na mwisho kabisa choo na bafu la wote. Chumba kimoja ni nyumba ya jamaa nzima. Kipimo chake kinajulikana na kila mtu: futi 10 kwa 10.

Yafaa kukumbuka kwamba Kawangware si sawa na Kibera, ijapokuwa watu wa mbali huzitaja pamoja. Kibera ilikaliwa na askari Wanubi wa K.A.R., na katika mwaka wa 1918 ilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Tangu hapo ardhi yake ilikuwa mikononi mwa serikali, na aliyejenga huko alijenga kwa hofu ya kuondolewa. Hata Wanubi wenyewe hawakupata hati ya jumuiya yao, ya eka 288, mpaka mwaka wa 2017. Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, nchi ya Wakikuyu iliyoingizwa katika mipaka ya Nairobi mwaka wa 1963, na viwanja vingi vina wenyewe tangu babu zao. Basi mwenye kiwanja hapa hawezi kusingizia hofu ya kuhamishwa. Chumba kikiwa kibaya, kiliamuliwa na yeye pamoja na fundi wake, asubuhi moja, kwa kamba na vigingi.

Siku hizi mabati yanabomolewa na mawe yanapanda, nayo ni nafasi ambayo haitarudi upesi. Na tukitazame kiwanja cha futi 50 kwa 100. Mwenye tamaa hupanga safu nne: mbili zimeegemea mipaka, na mbili za katikati zimepeana mgongo. Vyumba vikila futi 40 za upana, zimebaki 10, yaani vijia viwili vya futi tano tano. Hupata vyumba 40 kasoro vile vya choo na bafu, na kwa hesabu ya kodi ni jambo la kufurahisha. Lakini katika vyumba vyote hivyo hakuna hata kimoja chenye dirisha la nyuma, kwa kuwa nyuma ya kila kimoja kuna ukuta wa jirani. Hewa huingia kwa mlango na hutoka kwa mlango uo huo. Mlango ukifungwa usiku, basi.

Jambo hili si la raha tu. Nairobi ina baridi kali mwezi wa Julai, na mtu aliyepika kwa makaa hushawishika kuliacha jiko ndani ili lipashe chumba moto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Waliolala hawaamshwi nayo, na jamaa nzima huweza kufa bila kupiga kelele. Kadhalika kifua kikuu hupenda chumba cha namna hiyo, kwani mgonjwa mmoja akikohoa wote huvuta pumzi ile ile mpaka asubuhi.

Mfano mwema haukuwa mbali. Nyumba za Kiswahili za Majengo kule Pumwani, zilizoanza kujengwa baada ya mwaka wa 1920, zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma penye jiko. Upepo ulipita toka mlango wa njiani hata uani. Wapangaji walikuwa wengi, na nyumba hizo zilikuwa na taabu zake, lakini aliyezipanga alijua kwamba moshi na usingizi havikai chumba kimoja.

Mwenye kiwanja cha 56 aweza kuufuata mfano huo bila kuiga ramani yake. Safu ziwe mbili, kila moja iachwe futi tano kutoka mpakani, na kati yao ua wa futi 20. Sasa kila chumba kina mlango mbele na dirisha nyuma, na ua unatosha kufulia, kuanikia na watoto kuchezea. Ni kweli kwamba vyumba vitakuwa nusu ya vile vya kwanza, na si haki kumficha mtu hasara hiyo. Mwenye fedha aweza kuirudisha kwa kupandisha ghorofa ya pili, mradi asiufunike ua kwa ngazi na vibaraza. Asiye nazo atapata kodi pungufu, naye afanye hesabu yake akijua kwamba mpangaji mwenye dirisha hahami upesi.

Yako mambo madogo zaidi, ambayo hayaongezi gharama hata senti, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. La kwanza ni kipimo. Fundi akipima futi 10 kwa nje, na kuta ni za mawe ya inchi 9, kina cha chumba ndani hubaki futi nane na nusu. Mpangaji huja na kitanda cha futi 4 kwa 6, viti, meza na kabati, naye hustaajabu kuona havienei.

La pili ni mlango, na huo ndio bwana wa chumba. Mafundi wengi huuweka katikati ya ukuta wa mbele kwa sababu huonekana vizuri. Lakini mlango wa katikati hukipasua chumba vipande viwili, na kila upande hubaki na futi tatu na kitu, zisizotosha kitanda wala dirisha la maana. Tena kila apitaye kijiani hukitazama kitanda cha watu. Mlango ukisogezwa pembeni, ukafunguka kuelekea ukuta wa ubavuni, njia ya miguu hufuata ukuta huo, kabati na vyombo hukaa mwisho wake, na kitanda hujificha katika pembe ya nyuma upande wa pili, nyuma ya pazia. Wazazi wenye watoto wakubwa wanajua thamani ya pazia hilo. Upana wa mlango usipungue futi tatu. Kochi nyingi zimelala nje mvuani kwa ajili ya inchi sita.

Dirisha nalo wajenzi wana kanuni yake: lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu. Kwa chumba tulichokipima, hiyo ni kama futi 4 kwa 2. Milango ya safu mbili isitazamane sawasawa, bali ipishane. Na kwa kuwa upepo wa Nairobi aghalabu hutoka mashariki, jiko la uani na vyoo viwekwe magharibi ya kiwanja, moshi na harufu viende zake badala ya kupita katika vyumba vyote kwanza.

Wako wenye viwanja ambao kabla ya msingi kuchimbwa huchora chumba kimoja kizima ardhini kwa chokaa, katika udongo mwekundu, wakalaza fito mahali pa kitanda, meza na jiko. Kisha humwita mama wa nyumba, au mpangaji wao wa siku nyingi, aingie kwa mlango ule wa chokaa, atembee, ainame kama apikaye. Fundi hulicheka jambo hili, mpaka aone kigingi cha mlango kinang'olewa na kusogezwa futi tatu upande wa kushoto.