Kila Kipimo Kiwe na Sababu

Sisi tukaao katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale twajua thamani ya fedha kidogo. Mama apelekapo mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, mara nyingi fedha aliyoifunga katika kitenge chake imetoka katika maharagwe au kuku aliyemwuza sokoni. Tena vita vimewatoa wengi katika mashamba yao. Machi 2025 hata mji wa Walikale ulitekwa kwa muda. Basi yafaa tuulize: fedha hiyo yatumika kwa jambo gani?

Sehemu yake hutumika kwa vipimo. Hatuvidharau, hasha! Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na shauri hilo ni jema. Tone moja la damu latosha, na mganga ajua la kufanya. Mama mjamzito naye apimwe kaswende na ukimwi, kwa kuwa jibu laweza kumwokoa mtoto.

Lakini viko vipimo ambavyo jibu lake halisaidii kitu. Mtoto ametibiwa malaria, amepona, anacheza. Baada ya juma moja anapimwa tena kwa kipimo cha haraka, ati kuhakikisha. Kumbe vingi vya vipimo hivyo hutafuta kitu kinachobaki katika damu majuma kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kipimo chaonyesha malaria, na mtoto mzima anapewa dawa mara ya pili.

Kiko pia kipimo cha Widal, kilichotokana na kazi ya daktari Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, cha kutafutia homa ya matumbo. Hakitafuti kijidudu chenyewe, bali kinga ambayo mwili umejitengenezea. Kinga hiyo yaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani, au hata ya ugonjwa mwingine. Hata hivyo, mahali pengi mtu mwenye homa huandikiwa Widal, kisha antibiotiki. Dawa zikitumiwa ovyo hivyo vijidudu huzizoea, na siku homa ya matumbo yenyewe itakapokuja, dawa itashindwa.

Kosa ni la nani? Tusimlaumu mganga peke yake. Vituo vingi vya Kongo huishi kwa malipo ya wagonjwa, maana mshahara wa serikali ni mdogo au haufiki, na kila kipimo huleta chochote. Nasi wagonjwa twachochea moto. Mganga akituuliza maswali vizuri, akamshika mtoto tumbo, akasema ni mafua tu, twarudi nyumbani tukinung'unika kwamba hakutupima. Wala jambo hili si la Kongo tu: huko Marekani, mwaka 2012, madaktari walianza kampeni ya kupunguza vipimo visivyo vya lazima.

Dawa yake ipo. Mahali kadhaa nchini mwetu mgonjwa hulipa bei moja kwa ugonjwa wake, na vipimo vimo ndani ya bei hiyo. Hapo kituo hakipati faida kwa kuviongeza. Mganga naye, kabla ya kuandika kipimo, ajiulize: kikionyesha ugonjwa nitafanya nini, na kisipoonyesha nitafanya nini? Ikiwa atafanya lile lile, akiache. Na sisi tuulize kwa heshima: "Mganga, kipimo hiki kitatuonyesha nini?" Mganga mwema hatakasirika.

Tumkumbuke yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga asipone. Mwinjili hakuona haya kuliandika jambo hilo. Wanawake kama yeye wako hata leo katika vijiji vyetu, na fedha yao ni chakula cha watoto wao. Tuwahurumie, na tusiwatoze bure.