Mawaidha ya Mbali, Kikao cha Nyumbani

Isiolo, kaskazini mwa Kenya, haina uhaba wa mawaidha. Misikiti ina darsa zake, makanisa yana vipaza sauti vyake, na wazee wa Kiborana hawaanzi kikao bila dua ya amani. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa katika Uislamu na sijatoka. Ndiyo maana majirani hushangaa wakijua kwamba kwa miaka mingi nimewasikiliza pia walimu wa Kibudha.

Mwanzo nilitafuta usingizi tu. Nairobi, kwenye vitabu vya mitumba, nilipata kitabu cha Bhante Henepola Gunaratana, mtawa wa Sri Lanka anayeishi Marekani. Alieleza taamuli kwa lugha nyepesi: keti, fuata pumzi inavyoingia na kutoka, wazo likija litambue, kisha urudi kwenye pumzi. Nilifanya hivyo usiku, na usingizi ukaja.

Simu zenye intaneti zilipoenea, kitabu kikawa sauti. Nikampata S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma. Mwaka 1955 alimwendea mwalimu U Ba Khin kwa sababu ya maumivu makali ya kichwa, na baadaye akawa mwalimu mwenyewe. Katika kozi zake wanafunzi hukaa kimya siku 10, na kila jioni husikiliza mawaidha yake, ambayo yangali yakitumika ingawa alifariki 2013. Alisimulia kwa hadithi, kama wazee wetu, na hakumtaka mtu abadili dini. Hilo lilinituliza. Niliendelea kuswali na niliendelea kumsikiliza.

Aliyenigeuza zaidi ni Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam. Tangu 1966 aliishi uhamishoni karibu miaka 40 kwa sababu ya kupinga vita, na alifariki nyumbani, Hue, Januari 2022. Alifundisha kwamba unaweza kumsikiliza mtu kwa nia moja tu, apunguze uchungu wake, na kama amekosea, kumsahihisha kuna siku yake. Kwetu mifugo ikiibwa, kikao hujaa majibu kabla mlalamikaji hajamaliza. Mafunzo yale yalinipa kazi ya kufanya nikiwa kimya. Siku moja mzee mmoja wa Kiturkana alimaliza maneno yake, akanigeukia na kusema, "Kijana, leo nimesikizwa." Hakuna ng'ombe aliyerudi siku hiyo, lakini kikao cha pili alikuja mwenyewe bila kuitwa.

Hata hivyo walimu hao wote walikuwa wa mbali, hadi nilipomsikia Bhante Buddharakkhita wa Uganda. Alikwenda India mwaka 1990 kusomea biashara, huko akakutana na watawa kutoka Thailand, na mwaka 2002 akawa mtawa. Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda karibu na Entebbe. Anasimulia akicheka jinsi watu wa nyumbani walivyolishangaa joho lake na bakuli lake. Kituo kilichimba kisima, majirani wakateka maji. Nilipolijua hilo sikuhitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa Isiolo mtu akikuchotea maji humuulizi anaabudu wapi.

Kwa hiyo nilichokitafuta kimebadilika. Nilianza nikitaka kulala mimi, sasa nasikiliza ili jirani yangu apate kusema. Imani yangu iko palepale.

Limebaki jambo moja. Ubudha si mgeni Afrika Mashariki: Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini mawaidha yote niliyoyataja niliyapata kwa Kiingereza, na mzee yule wa Kiturkana hakijui. Wewe unayekijua na una simu, chagua wazo moja lililokufaa, lieleze kwa Kiswahili cha kwenu, umrekodie mtu mmoja asiyesoma.