Pumzi kwa Hesabu

Nimemaliza kidato cha nne. Usiku naandika riwaya, mchana najaza mitungi ya wazamiaji hapa Nungwi, Unguja. Hesabu niliyoichukia darasani ndiyo inayonilisha.

Mtungi una ujazo wa lita 12. Ukijazwa mpaka baa 200 (si baa ya pombe, ni kipimo cha mkandamizo), unabeba lita 2,400 za hewa. Baa 50 za mwisho huzigusi, ni akiba ya kurudi juu. Zinabaki lita 1,800. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Akishuka mita 10 huvuta 40. Mita 20, huvuta 60. Basi 1,800 gawa kwa 60: dakika 30. Kwenye mita 30 hazifiki hata 23.

Wageni wameisomea hesabu hii. Baba mdogo, anayezamia majongoo bahari kwa mtungi wa kukodi, hakuisomea. Nilipomweleza akasema, "Mwanangu, pumzi ni ya Mungu."

"Kweli baba, lakini mtungi una mwisho."

Akacheka. Kesho yake akaja mwenyewe: "Hebu niandikie hizo dakika."

Nikamwandikia, nikaongeza: *aliyetulia*. Maana mwenye hofu, au anayepigana na mkondo, huvuta hata mara mbili. Na mwenye deni dukani hatulii, jamani.

Riwaya yangu hajaisoma mtu bado. Kikaratasi kile, baba mdogo amekifunga kwenye nailoni, anakwenda nacho baharini.