Mwiko wa Mwenzako na Fakitire ya Malewa

Sisi watu wa Bagira tumezoea kula pamoja. Kikao cha mahari, kuondoa matanga, ubatizo, hata mkutano wa chama, yote inaishia kwenye bugali. Lakini kula pamoja si kula kitu kimoja. Katika jirani zetu kuna Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista na Waislamu, na kila mmoja ana mwiko wake.

Miiko mingine ni ya zamani sana. Kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinaruhusu mnyama mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, na samaki mwenye mapezi na magamba. Ni sheria ambayo Mayahudi wanaiita kosheri, na Waadventista nao wanafuata sura hiyo. Ndiyo sababu Mwadventista wa Bukavu anakula sambaza wa ziwa Kivu bila shida, lakini kambare anamwacha. Mwislamu naye hagusi nguruwe. Mayahudi tena hawachanganyi nyama na maziwa, na Wamaasai kwa desturi yao wanatenga vitu hivyo viwili. Tusiseme ni mambo ya mbali: Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania, walihamia Katanga, na sinagogi yao ya Lubumbashi ilijengwa mwaka 1930.

Mwaka 2025, kisha mkutano mmoja, tuliingia watu saba katika malewa ya hapa kwetu. Watano waliomba nguruwe. Wawili, Mwislamu na Mwadventista, waliomba sambaza, na tuliuliza mbele kama zitakaangwa katika chombo chake na mafuta yake. Mama wa malewa alikubali, na alifanya vile.

Shida ilikuja na fakitire. Chupa hazikuleta ubishi, maana kwetu chupa tupu zinabaki juu ya meza mpaka zihesabiwe. Lakini sahani zilikuwa zimeisha kuondolewa, na karatasi iliandika nguruwe saba, kila sahani franka 10.000. Sambaza ilikuwa 6.000. Tulidaiwa 70.000 pahali pa 62.000. Tangu benki za mji zilipofunga mwezi wa pili wa mwaka ule, M23 ilipoingia, franka 8.000 haikuwa kitu cha kuchezea.

Muzee wetu hakupaza sauti. Alimwita mama pembeni: «Mama, kuya kidogo tuhesabu pamoja.» Walihesabu. Mama aliomba radhi, akatoa 8.000: «Muzee, makuta yenu ni hii. Karatasi iko karatasi tu.»

Muzee alikataa: «Apana, mama. Hii karatasi itasomwa mbele ya chama. Itasema ndugu yetu alikula nguruwe. Makuta inarudi, lakini jina la muntu, nani atairudisha?»

Mama aliandika fakitire ingine: nguruwe tano, sambaza mbili. Ile ya kwanza ilipasuliwa mbele yetu. Muzee aliomba tena neno moja, kwamba binti aliyeandika vibaya asikatwe mshahara. Ndugu yetu Mwislamu alikuwa amenyamaza wakati wote. Tulipotoka ndipo alimshika muzee mkono kwa mikono miwili.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaona daftari inachunga pia heshima. Vijana wetu wengi wanajua kudai makuta yao, na ni vizuri. Lakini desturi inaomba zaidi: kosa liulizwe pembeni, hesabu ifanywe pamoja, karatasi isahihishwe, na mdogo asilipe peke yake. Anayekulisha leo ni jirani yako kesho. Na ukiketi na mwenye mwiko, chunga sahani yake kama unavyochunga yako, mpaka fakitire ilipwe.