Mupaka wa shamba

Kwetu Bushi, mutoto mwanamuke anajifunza shamba mapema. Miye pia, mbele ya kwenda ku masomo, nilikuwa nimekwisha kuchota maji. Mangaribi tulirudi na mama, yeye na mihogo, miye na kuni ku mgongo. Ndugu zangu walichunga ng'ombe. Kila mtu na kazi yake.

Lakini kazi moja haikuwa yetu: kujua mupaka. Baba aliwapitisha vijana mti kwa mti: «Huku ni kwetu, kule ni kwa jirani.» Miye nikiuliza, wananijibu: «Weye uko wa nyumba ya watu.» Maana kalinzi, ile desturi ya kumutolea mwami ao chifu ng'ombe kusudi upate udongo, ilitoka kwa baba na kufika kwa mutoto mwanaume. Kwa bwana tena, shamba ni la ukoo wa bwana. Basi mwanamuke analima fasi mbili, na hata moja haiko yake.

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, kifungu cha 758, inaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, bila kutenga binti. Lakini hata binti anayeijua, atadai nini kama hajui shamba linaishia wapi?

Siombi tutupe desturi. Wababa, siku mukiwaonyesha vijana mupaka, muite na mabinti. Aliyefiwa na bwana akirudi kwao, asiombe fasi ya kupanda maharagi kama mugeni.