Rumonge: Maji Moto ya Mugara na Chumba cha Mvuke

Barabara itokayo Bujumbura kwenda kusini hufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kwa kiasi cha kilomita 70 kabla ya kuingia Rumonge. Kuliani mwa msafiri ni maji na mitumbwi ya wavuvi; kushotoni ni vilima na michikichi, ambayo mawese yake yameupa mji huu sifa nchini Burundi.

Rumonge ina neema nyingine: chemchemi za maji moto za Mugara. Ziwa limo katika Bonde la Ufa. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za miamba, hupashwa na joto la ardhi, kisha hurudi juu yakiwa moto. Watu huenda Mugara kuoga na kupumzisha viungo. Si ajabu basi kwamba mwenye uwezo, akishaionja raha hiyo, hutamani kujenga chumba cha mvuke katika nyumba yake au ya wageni. Tamaa hiyo ni njema, lakini bila maarifa huzaa hasara.

Jambo la kwanza ni kiwanja. Ziwa hili hupanda na kushuka. Lilipanda sana mwaka 1964, na mwaka 2024 maji yake yaliingia tena katika nyumba za mwambao, Rumonge ikiwamo. Chumba cha gharama hakijengwi karibu na mawimbi.

Jambo la pili ni vigae, ambavyo mafundi wa Burundi huviita makaro. Kigae cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa hunywa maji. Marumaru hupendeza, lakini huliwa na kitu chochote chenye uchachu, hata maji ya ndimu. Kigae cha kaure ndicho kifaacho zaidi, kwani hunywa maji chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Sakafuni yafaa kuweka vigae vidogo visivyoteleza.

Hata hivyo, mwenye nyumba asidanganyike. Kigae ni vazi tu. Kinga ni kile kilicho nyuma yake. Maji hutiririka chini, lakini mvuke hupenya kila upande, hupita katika maungio na kugeuka maji ndani ya ukuta. Ukuta wa matofali mabichi huyeyuka polepole, na ubao wa jasi hulainika. Kwa hiyo ukuta upigwe lipu ya saruji, uachwe ukauke barabara, kisha ufunikwe kwa utando uzuiao mvuke, kuta zote na dari pia. Juu ya utando huo ndipo vigae vibandikwe. Pembeni, ambako kuta hukutana, paachiwe silikoni badala ya saruji, kwa sababu joto hutanua na baridi hupunguza, na saruji ngumu hupasuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dari nayo isiwe bapa, isije ikawadondoshea waogaji matone. Iinamishwe ili matone yatiririke hadi ukutani. Maarifa haya si mageni kwa Waswahili. Kiswahili kilifika mwambao huu pamoja na misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji; na huko Unguja, bafu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 katika enzi ya Seyyid Said, zina paa za kuba. Juu ya kuba, tone halina mahali pa kuning'inia.

Sakafu iteremke kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kabla ya kubandika vigae, fundi azibe tundu hilo, ajaze maji sakafuni na kuyaacha kwa saa 24. Yakipungua, pana mwanya. Na ni rahisi kuuziba siku hiyo kuliko kuvunja vigae baada ya mwaka.

Fedha zikipungua, wengi hununua vigae vya fahari na kuuacha utando usioonekana. Hiyo ni kinyume cha busara. Mgeni atasifu vigae, lakini nyumba husimama kwa kile asichokiona. Apungukiwaye na apunguze uzuri wa vigae, wala asipunguze utando.